Mwana wa Chifu na Zamu ya Mwisho

Vijana wa karakana ya maji wameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Nimekubali upesi, kabla wao hawajasahau kwamba waliniomba. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo mara ngapi asijisumbue kusoma zaidi. Niliingia nikiwa mwendesha mashine ya maji, na mwezi uliopita nimetoka nikiwa mwendesha mashine ya maji. Kilichobadilika katikati ni mashine na nywele zangu.

Mimi ni mtu wa Bulla Pesa. Babu yangu aliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza, vita vikaisha, akaambiwa asante na kwamba anaweza kukaa hapo hapo. Baba aliendesha malori ya ng'ombe, na mimi nililala chini ya malori hayo nikiyatengeneza mpaka nikawa mtu mzima. Mwanzoni mwa miaka ya sabini idara ya maji ilihitaji mtu, kwa sababu aliyekuwepo alikuwa amekutana na simba kwenye njia ya kuendea choo, na hakurudi hata kuchukua blanketi lake. Sikuulizwa kama najua injini. Niliulizwa kama naogopa simba. Nikasema naogopa sana, wakaniandika, nadhani kwa kuwa sikuwa na mshindani.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Fundi Mutwiri, Mmeru mrefu aliyetumia maneno kama mtu anayeyanunua dukani. Aliniketisha kwenye kopo la rangi kando ya injini ya dizeli. Nilikuwa nimekuja na spana zangu mwenyewe zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa safi, maana nilitaka kuonekana.

"Leo usishike kitu," akaniambia. "Sikiza tu."

Nikasikiliza mpaka jioni. Aliporudi akauliza, "Imesema nini?"

"Inalalamika, Fundi."

"Vizuri. Injini ya maji ikilalamika iko kazini. Siku utasikia imefurahi, ujue umepoteza kazi."

Nilidhani ananitisha kwamba nitafukuzwa. Maana yake niliielewa mwaka uliofuata, huko Kinna. Kwa wale ambao hawajafungua mashine ya aina ile: injini iko juu, pampu iko chini kabisa ndani ya shimo, na katikati kuna fimbo za chuma zilizoungwa moja kwa nyingine kama mabehewa ya treni. Injini inapandisha na kushusha fimbo, fimbo zinasukuma maji. Kule Kinna, asubuhi moja injini yangu iliyokuwa ikiguna kama mzee anayeamka ilianza ghafla kuimba. Nikafurahi pamoja nayo. Nikatoka nje kujipongeza nikakuta birika la kunyweshea mifugo ni kavu. Fimbo ilikuwa imekatika chini, na injini haikuwa na kitu cha kuinua, ndiyo maana ilikuwa na raha. Tulisimamisha magogo matatu juu ya shimo, tukafunga kapi na mnyororo, tukakaa hapo kuvua vyuma kama watu wa ziwani wanavyovua samaki. Ni kazi ya siku nyingi, na samaki mwenyewe haliwi.

Jambo la pili Fundi Mutwiri alinifundisha aliposikia kwamba nimegombana na mchungaji mmoja birikani. "Wewe kazi yako maji ifike birika," alisema. "Nani anakunywa kwanza, hiyo ni kazi ya mwenyewe. Ukishika kazi mbili utapigwa mara mbili." Nawapa vijana ushauri huu bure. Mwingine wa bure ni huu: ule mkono wa chuma wa kuwashia injini usimwazime mtu, hata imamu.

Baada ya Kinna nilipelekwa Dololo Dima, kwenye njia ya kuelekea Kipsing, mahali penye korongo la udongo mwekundu, kisima cha mashine, birika refu la saruji, na kibanda cha mabati ambacho kilikuwa nyumba ya injini mchana na nyumba yangu wakati mwingine wote. Mwenyewe wa zamu pale alikuwa Mzee Godana. Waborana wanamwita mtu kama huyo aba herega, yaani baba wa zamu. Yeye ndiye anayesema leo wanaanza ng'ombe wa nani, wanafuata wa nani, na mbuzi wataingia saa ngapi. Hana bunduki wala askari. Ana fimbo ambayo sikuwahi kuiona ikimpiga mtu. Hata mgeni akitokea mbali na mifugo ya kiu, aba herega humpa zamu. Itakuwa ya mkiani, lakini atapewa.

Mfumo huu ulifanya kazi vizuri isipokuwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa chifu.

Chifu Wario alikuwa mtu mkubwa katika siku ambazo chifu alikuwa mtu mkubwa kweli. Alivaa kaki iliyopigwa pasi hata kulipokuwa hakuna makaa ya kupigia pasi. Aliweza kumweka mtu ndani, kumtoa mtu ndani, na kumweka tena kwa kutosema asante. Ng'ombe wake walikunywa walipofika. Ukiwaona wanakuja, wenye zamu waliwasogeza wa kwao pembeni, na Mzee Godana alianza kuchunguza mbingu kama mtu aliyesikia ndege. Tena kulikuwa na bomba lililotoka kwenye mashine likapanda mpaka bomani kwa chifu, mwendo wa kumaliza sigara, likaingia kwenye tangi lake la mabati. Nilipofika nililikuta. Bomba hilo lilikuwa na valvu ya kuzuia maji yasirudi, na bomani mfereji wa tangi ulikuwa na kufuli. Ufunguo ulining'inia kwenye mkanda wa chifu, karibu na filimbi. Nilipouliza ofisini kuhusu bomba lile niliambiwa nilipake rangi lisishike kutu.

Halafu ukaja ule ukame wa miaka ya themanini, ambao kila mtu wa rika langu anaukumbuka kwa jina la mnyama aliyempoteza. Mabwawa ya magharibi yalikauka, na wenzetu wa upande ule wakaja na mifugo yao Dololo Dima kama walivyokuwa wakija miaka mingine. Mzee Godana alikuwa ameshaanza kuwapangia mkiani. Chifu akaleta askari, akafunga lango la waya, akasema maji haya ni ya lokesheni yake na hakuna zamu ya mkiani. Wale watu wakaenda zao bila kelele. Wiki hiyo hiyo vita vikaanza.

Wazee waliokumbuka vita vya miaka ya sitini waliviita hivi vita vidogo. Waliokufa hawakupata nafasi ya kulinganisha. Ng'ombe walichukuliwa upande huu, wakachukuliwa upande ule. Maboma yalichomwa pande zote mbili. Mimi niliendelea kutia dizeli, na watu wa pande zote mbili wakaniacha, kwa sababu mtu wa mashine akifa hakuna anayejua kuiwasha. Hiyo ndiyo faida pekee ya kazi hii ambayo ningeitangaza.

Katikati ya vita hivyo vijana wanne wakatekwa malishoni pamoja na mifugo waliyokuwa wakichunga. Wawili walikuwa ndugu wa boma moja. Wa tatu alikuwa Guyo, mtoto pekee wa mama mjane tuliyemwita Mama Guyo, aliyekuwa na mbuzi wachache na ulimi mrefu. Wa nne alikuwa Halake, mwana wa chifu. Halake alikuwa ametolewa shule ya sekondari akasaidie mifugo wakati wa ukame, na waliomteka walimjua kwa chapa ya ng'ombe aliokuwa nao. Chapa ya chifu ilijulikana mpaka kwa fisi.

Mwanzoni chifu alisema Serikali itamrudisha mtoto wake. Serikali ilikubali, ikaahidi gari la askari. Gari lilikuwa linangoja tairi. Kila siku Mama Guyo alipita langoni kwa chifu akauliza kama tairi limefika, kisha akaja kwangu kuniambia kwamba halijafika. Mama muuza tumbaku, ambaye vita havikumzuia kuuza tumbaku pande zote mbili, ndiye aliyetuletea habari kwamba vijana wako hai, wanachoteshwa maji kwenye mashimo ya mchanga, na kwamba mashimo yenyewe yanaisha.

Siku moja adhuhuri nikamwona mtu anakuja peke yake na fulana nyeupe juu ya fimbo. Alikuwa amewahi kuwa jeshini, na jeshi halikuwa limemtoka. Hata watu wake walimwita Sajini. Alikuja moja kwa moja kwenye kibanda changu.

"Habari, fundi."

"Nzuri. Bunduki iache nje, hapa kuna dizeli."

Akaitoa nje, akarudi, akasimama wima. "Tuko na vijana yenu nne. Wote wazima. Na tuko na ng'ombe inakufa. Ambia chifu afungue maji. Ng'ombe tumegawa makundi nne. Kundi moja ikikunywa ikishiba, kijana moja anakuja kwenu. Ingine ikikunywa, mwingine anakuja. Mpaka ikwishe."

"Na maji ikikatika katikati?"

"Mwenye amebaki anarudi na sisi." Akaitazama bunduki yake kule nje. "Na kule maji imeisha, fundi. Wazee yetu wamesema hawataweza kubeba mtu mwingine tena. Wewe ni mtu mzima, unaelewa."

Nilielewa.

"Tutaanza na wa chifu," akaongeza. "Jeshini afisa ndiye ya kwanza. Hata mzee atatulia."

Nilipeleka ujumbe, na jioni hiyo watu wakakusanyika langoni: chifu, Mzee Godana, baba wa wale ndugu wawili, na akina mama. Nilisema kila kitu kama nilivyoambiwa, na nilipofika kwenye neno la kuanza na wa chifu, hakuna aliyeshtuka. Ilikuwa kama kusikia jua litachomoza mashariki. Mama Guyo alikuwa tayari ameanza kukunja kanga yake aondoke.

Chifu akasema, "Wangu mwisho."

Mzee Godana alikuwa akitazama mbingu kwa mazoea. Akashusha macho. "Umesema nini, Chifu?"

"Nimesema wangu awe mwisho. Hawa wengine panga wewe, ndiyo kazi yako."

Akaondoka na filimbi yake. Watu walibaki pale wakitazamana, na baba wa wale ndugu akasema labda chifu ana homa.

Baadaye kidogo akaja kwenye kibanda, akajifanya anakagua injini. Alizunguka mara moja, akagusa tangi la dizeli kwa kidole, akakitazama kidole.

"Mashine iko sawa?"

"Iko sawa, Chifu."

"Wakianza na wangu," akasema, bado anatazama kidole, "hawa akina mama wataamini kwamba nitaacha maji iendelee?"

Mtu hujibu maswali ya chifu kwa uangalifu, lakini siku ile nilikuwa nimechoka. "Hapana, Chifu."

"Na wale watu wa Sajini?"

"Hapana."

"Hata wewe?"

"Hata mimi, Chifu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa saa. "Kwa hivyo waone wangu amebaki huko, ndiyo waamini. Usitangaze haya maneno." Akafuta kidole kwenye kaki yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaenda.

Usiku huo nilimpelekea Sajini jibu, pamoja na neno la wa chifu kuwa mwisho. Tulianza alfajiri baada ya swala. Askari walikuwa wameondolewa na lango limefunguliwa. Watu wa magharibi walikuja na ng'ombe waliokuwa mifupa na pembe tu, wakasimama mbali, na chini ya mgunga mmoja tukawaona vijana wetu wanne wameketi. Mzee Godana alichukua mahali pake kwenye kichwa cha birika. Nilidhani atatetemeka. Badala yake akaanza kuwapanga maadui kama alivyotupanga sisi sote miaka yote.

"Wewe wa fahali nyekundu, rudi nyuma. Ndama kwanza. Nimesema ndama. Kwani kwenu hamna zamu?"

Watu wenye bunduki wakarudi nyuma na fahali wao mwekundu.

Kundi la kwanza likanywa, na yule ndugu mkubwa akavuka uwanja kwa miguu akaja kwetu. Kundi la pili likanywa, mdogo wake akavuka. Jua lilikuwa limekuwa kali, na mimi nilikuwa nikimwagia maji injini mgongoni na kuibembeleza kwa lugha zote ninazozijua. Ilikuwa inalalamika vizuri. Kundi la tatu likanywa, Guyo akavuka. Mama yake alimpa maji kwanza, akamngoja amalize, akamzaba kofi kwa kwenda malisho aliyokatazwa, kisha akamkumbatia mpaka kijana akaomba aachiwe apumue.

Akabaki Halake peke yake chini ya mgunga. Chifu alikuwa amesimama kando ya birika na bakora yake. Hakukaa tangu alfajiri.

Kundi la nne lilikuwa halijanywa hata nusu nilipoisikia injini imefurahi.

Sijawahi kuchukia sauti ya furaha kama ile. Ilizunguka nyepesi, safi, kama haina shida duniani. Sikuhitaji kutoka nje, lakini nilitoka. Mdomo wa bomba ulitema maji kidogo, ukatema hewa, ukanyamaza. Ng'ombe waliokuwa wakingoja wakaanza kusukumana.

Sajini alikuja mbio, na safari hii bunduki hakuiacha nje. "Mashine inalia, maji iko wapi?"

Nikamweleza habari ya fimbo za chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu akasema kwamba hata yeye angekuwa chifu angetafuta uongo kama huo, wa kitu ambacho hakuna mtu anaweza kushuka kukiona. Nyuma yake wenzake walikuwa wamesimama na mmoja alikuwa amemshika Halake mkono na kumwinua. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili ya yule kijana na kwa ajili yangu, na sijui nani alikuwa wa kwanza katika zamu hiyo.

"Itachukua muda gani?" chifu akaniuliza.

"Siku, Chifu. Tena mpaka vyuma vitoke Isiolo."

Wote tukafikiria jambo moja kwa wakati mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kulisema, wote tukageuka kutazama juu, kule bomani. Tangi la mabati lilikuwa linang'aa juani. Nilikuwa nimelijaza siku mbili kabla, kwa amri.

"Fungua bomba lirudishe maji," Sajini akasema, maana hakuwa mjinga.

"Hairudi," nikamwambia. "Iko na valvu."

"Nani aliweka?"

Chifu akafungua mkanda wake, akavua ufunguo. Akina mama ambao watoto wao walikwisha kurudi walikuwa na haki ya kwenda nyumbani. Akawaambia hivyo mwenyewe: "Nyinyi mmepata watoto wenu. Nendeni mkapike." Mama Guyo akamsogelea, akanyoosha mkono. Ndiye mwanamke ambaye askari walimfukuza kwenye tangi lile mwaka uliotangulia, akiwa na kibuyu kimoja.

"Lete huo ufunguo," akasema. "Wewe huwezi kimbia."

Basi tukafanya kazi ambayo haimo katika mafunzo ya idara. Tuliteka maji tangini kwa madebe, karai, sufuria na kila kitu chenye tako, tukashuka nayo mpaka birikani, tukamwaga, tukapanda tena. Akina mama, wale ndugu wawili, Guyo, mke wa chifu, mimi. Watu wa Sajini walitutazama kwanza, kisha wawili wao wakaweka silaha chini wakaingia kwenye mstari. Chifu alibeba debe begani. Maji yalimlowesha kaki yote, na kofia ya Serikali ikaanguka ikakanyagwa na ndama. Hakuinama kuiokota. Watu kumi na zaidi hawawezi kufanya kazi ya fimbo ya chuma, lakini kwa ng'ombe nusu kundi, wanaweza karibu.

Nasema karibu kwa sababu tangi liliisha. Mama Guyo aligonga mabati kwa ngumi, yakalia matupu. Sufuria ya mwisho ilikuja na matope. Pembeni walikuwa wamesimama ng'ombe wachache ambao hawakuonja kitu, wamening'iniza vichwa.

Sajini akawatazama ng'ombe. Akatutazama sisi, jinsi tulivyolowa. Akamtazama chifu, aliyekuwa ameshika debe tupu kwa mikono miwili na kuangalia chini ya mgunga, si mahali pengine.

"Imetosha?" Mzee Godana akamuuliza. Alimuuliza kama anavyomuuliza mtu yeyote mwenye zamu.

"Imetosha," Sajini akasema. Kisha akageuka akapaza sauti ya paredi: "Halake! Toka mstarini!"

Halake akavuka uwanja polepole. Alikuwa amekonda, na midomo imepasuka. Alitusalimia mmoja mmoja, salaam aleikum, kwa mkono, kuanzia kwa Mzee Godana, wale ndugu, akina mama, mimi, hata mmoja wa watu wa Sajini aliyekuwa bado ameshika karai. Baba yake alikuwa wa mwisho. Mkono alimpa, neno hakumpa.

Vita havikuisha siku ile, lakini vilikosa nguvu, kama moto ulionyimwa kuni. Askari hawakurudi langoni. Hakuna aliyetoa amri, hawakurudi tu. Karakana ilituma magogo, mnyororo na Fundi Mutwiri, aliyekuwa karibu kustaafu na hakutaka kuja. Alishuka kwenye lori, akaniuliza swali moja.

"Ilifurahi?"

"Ilifurahi, Fundi."

"Pole," akasema, akaanza kufunga kapi.

Tukiwa bado tunavua vyuma, Halake akaja kukaa kwenye kopo la rangi pale kibandani. Nyumbani, nilikuwa nimesikia, habari zake na baba yake zilipitia kwa mama. Akitaka chumvi, alimwambia mama yake amwambie baba yake asogeze chumvi.

"Fundi," akasema, "kule walituambia. Sajini alisema, baba yako ndiye amekuweka nyuma. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kule nilikuwa nakunywa maji baada ya punda. Sikuumia. Hiyo ndiyo iliniumiza." Akazungusha spana yangu mkononi. "Alisema kwa nini?"

Nilikuwa nimeambiwa nisitangaze. Kumwambia mtu mmoja si kutangaza. Nikamweleza yote, pamoja na kile kidole cha dizeli.

Akaacha kuizungusha spana. "Kumbe alikuwa anajua vile watu wanamwona."

"Alijua. Na siku hiyo alilitumia hilo kuwatoa wenzako."

Akanirudishia spana, akaondoka bila kuaga, na sikujua kama nimetengeneza kitu au nimeharibu. Katika kazi yetu mara nyingi hujui mpaka uiwashe.

Mashine ilipopona zamu zikarudi. Kwa muda chifu alikuwa mtu mwingine. Aliwasalimu watu. Ng'ombe wake walisimama foleni na kuonekana kama wamepotea njia. Lakini mvua ilichelewa, mazoea ni mazoea, na asubuhi moja nikiwa mlangoni mwa kibanda nikaona wale ng'ombe wa chapa wanakuja kwa mwendo wao wa zamani, moja kwa moja, kupita kila mtu. Wenye zamu wakaanza kusogeza wa kwao. Mzee Godana akainua macho mbinguni.

Halake alikuwa ameketi kwenye pipa tupu la dizeli kando ya birika. Akasimama, akamzuia mchungaji wao kwa kiganja.

"Chifu amesema hizi zikunywe sasa," mchungaji akasema.

"Mwambie ziko nyuma ya mbuzi za Mama Guyo. Mwambie mimi ndiye nimesema. Mimi nilingoja mpaka mwisho, na sikuwa ng'ombe."

Mchungaji akaenda. Baada ya muda tukamwona chifu mwenyewe anashuka kutoka bomani, kaki imepigwa pasi, bakora kwapani, na kofia mpya. Mama Guyo akawakusanya mbuzi wake karibu na miguu yake. Nikaweka spana chini, nisionekane kama mtu mwenye silaha.

Chifu alifika birikani. Akawatazama ng'ombe wake mkiani, akawatazama mbuzi, akamtazama mwanawe. Akabaki amesimama juani, katikati ya watu, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Halake akasogea upande mmoja wa lile pipa.

"Aba," akasema. Lilikuwa neno la kwanza alilompa tangu arudi. "Kaa hapa, huko kuna jua. Zamu yetu bado."

Chifu akaketi. Pipa halikuwa kubwa, kwa hiyo mabega yao yaligusana. Mzee Godana akashusha macho kutoka mbinguni, akaelekeza fimbo kwa mwenye zamu, na mimi nikarudi ndani kuongeza dizeli. Injini ilikuwa inalalamika.